Shingo ya Mwalimu Mkuu

Jumamosi ya slava, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa ukoo, dirisha la stoo katika nyumba ya Vukosava lilifunguliwa tangu saa moja asubuhi. Lilikuwa dirisha dogo la kioo kimoja, na katika miaka hamsini na miwili aliyoishi kwenye nyumba ile halikuwahi kuachwa wazi mwezi wa Novemba. Stoo ilikuwa nyuma ya jiko. Rafu za juu zilibeba chupa za pilipili nyekundu za kusaga, rafu ya kati matango ya siki, na chini lilikaa pipa la kabichi lililogandamizwa kwa ubao na jiwe la mtoni. Kati ya pipa na ukuta, juu ya meza kuukuu ya cherehani, ilikaa seva ya shule.

Miodrag peke yake ndiye aliyeiita seva. Vukosava, mama yake, aliiita "yule mgeni", kwa sababu ilikuja kwa siku chache na sasa ilikuwa na miaka miwili. Ililetwa pale mvua ilipoanza kudondoka ndani ya chumba namba tisa cha shule, wala paa halikuzibwa mpaka leo. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na masomo yote ya shule ya jioni ya watu wazima. Wanawake wa kiwanda cha viatu, na wanaume walioacha shule wakiwa wadogo, waliyafungua kwenye simu zao wakiwa nyumbani, wakasoma, wakatazama picha, wakajibu maswali.

"Mama, nisikilize vizuri," Miodrag alisema, mikono yake bado ina unga wa mkate wa slava. "Leo naiboresha. Natoa mfumo wa zamani, naweka mpya. Itakwenda yenyewe mpaka jioni, ila itafanya kazi kwa nguvu, na ikifanya kazi kwa nguvu inapata joto. Dirisha lisifungwe. Mlango huu usifungwe. Umenielewa?"

"Kwani mimi kiziwi?"

"Si kiziwi. Nakujua tu."

"Siku ya Malaika Mkuu watu hawafanyi kazi."

"Sifanyi mimi. Inafanya yenyewe."

"Ndivyo alivyosema marehemu baba yako alipowasha mtambo wa kupika pombe ya rakija siku ya Mtakatifu Ilija. 'Unachemka wenyewe, Vuka, mimi nimekaa tu.'"

"Na nini kikatokea?"

"Radi ikapiga zizi. Mbuzi wawili."

Nevenka, mke wa Miodrag, alicheka huku akizungusha wali na nyama kwenye majani ya kabichi. Miodrag hakucheka. Alikata kipande cha gazeti, akakikunja mara nne, akakichomeka chini ya dirisha kama kabari ili upepo usilirudishe.

Siku ile aliichagua makusudi. Nusu ya mji huadhimisha slava hiyohiyo, na nusu nyingine huzunguka nyumba kwa nyumba kula. Hakuna ambaye angefungua somo. Tena hakuwa na siku nyingine, maana Jumatatu mkaguzi wa wizara angekuja kuona kama masomo yamehamia kwenye mfumo mpya, na Ijumaa wanafunzi wangefanya mtihani. Kazi ya Miodrag ilikuwa vipande viwili vilivyounganishwa: nusu kufundisha, nusu kuitunza ile mashine. Mkaguzi asiporidhika, nusu ya pili inaondoka. Na mwalimu wa nusu, katika mji wetu, huandikwa kwenye orodha ya walimu wa ziada, kisha hupewa vipindi vitatu huku na vinne kule, vijiji vya mlimani, kwa gari lake na mafuta yake. Miodrag alikuwa na miaka arobaini na saba, na gari lake lilikuwa na ishirini na sita.

*

Slava haina mwaliko. Anayejua siku anakuja. Saa sita mchana walikuja majirani, saa saba binamu wawili wa Nevenka, na saa saba na nusu akaingia Ratomir, mwalimu mkuu wa shule ya jioni, na chupa ya divai ndani ya mfuko wa karatasi.

"Slava njema, mwenye nyumba! Mama Vukosava, wewe huzeeki, unapungua urefu tu."

"Na wewe unaongezeka upana, mwanangu. Karibu, onja ngano."

Ratomir akachota kijiko cha ngano tamu ya kuchemsha, akapiga ishara ya msalaba, akaketishwa mahali pa heshima kwenye kichwa cha meza. Mahali hapo ni karibu na mshumaa mrefu wa slava, ambao huwaka tangu asubuhi mpaka jioni. Nyuma ya kiti kuna mlango wa jikoni, nyuma ya jiko ni stoo, na nyuma ya stoo ni lile dirisha.

Supu ikaja, sarma, yale majani ya kabichi yenye wali na nyama, ikaja, rakija ikazunguka. Miodrag alikuwa uani, kwenye kibanda, anamkatakata nguruwe wa kuchoma. Ratomir akanyanyua kola ya shati. Baada ya muda akaweka kiganja nyuma ya shingo yake. Kisha akavuta kiti kidogo kushoto, kisha kidogo kulia.

"Kuna nini, Mwalimu Mkuu?" Vukosava aliuliza.

"Hapana, hapana. Ila kama kuna kitu kinanipiga shingoni."

Vijiko vikawekwa chini.

"Promaja," alisema binamu mmoja wa Nevenka kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja marehemu.

Kwetu hakuna asiyemjua mtu aliyeharibiwa na promaja, upepo ule unaoingia dirishani na kutokea mlangoni. Wifi yake Vukosava alipindika mdomo mwaka mzima. Fundi mmoja wa saa alikaa kati ya milango miwili alasiri moja tu, akashindwa kugeuza kichwa mpaka Pasaka. Watu wakaanza kuhesabu wagonjwa wao, kila mmoja na wake, na wakati wanahesabu mwali wa mshumaa ukalala upande, ukasimama, ukalala tena. Mshumaa wa slava kuzimwa na upepo, mbele ya wageni! Vukosava aliinuka.

Aliingia stoo. Kulikuwa na baridi nzuri, na yule mgeni alikuwa akivuma, taa zake ndogo za kijani zinapepesa haraka haraka. Vukosava aliitazama mashine, akaitazama kabari ya gazeti. Alisimama pale kwa muda ambao mtu angeweza kusoma Baba Yetu.

"Kidogo tu," aliiambia. "Mpaka huyu mtu aondoke."

Akatoa kabari, akafunga dirisha. Akatoka, akafunga na mlango.

Ratomir akashusha mkono kutoka shingoni. "Ah, mama," alisema, "sasa mtu anaweza kula."

Na akala. Alikaa kwa muda wa saa nne. Wakaja wageni wengine, wakaja na wengine, ikawa kahawa hapa, sahani safi pale, nani hajapata keki ya lozi, nani anaondoka bila kufungiwa kipande cha mkate. Jiko la kuni liliwaka siku nzima, na ukuta wa jiko ndio ukuta wa stoo. Vukosava alikuwa na miaka sabini na minane, na miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya viatu vyake vya sikukuu. Dirisha lilimtoka kichwani kabisa.

*

Usiku ulipoingia na mgeni wa mwisho alipotoka, Miodrag alivuta mlango wa stoo. Joto lilimpiga usoni, na harufu ya plastiki iliyoungua. Hakuna mvumo. Hakuna taa. Aliugusa mgongo wa mashine, akautoa mkono upesi.

Kisha akaliona dirisha.

Aliiokota kabari sakafuni, karibu na pipa, akalifungua dirisha, akakichomeka kile kipande cha gazeti palepale kilipokuwa asubuhi. Ndipo akamwita mkewe.

"Imezimika," alimwambia Nevenka. "Katikati ya kazi."

"Dirisha si lilikuwa wazi?"

"Si unaliona?"

Vukosava alikuwa amesimama mlangoni na sinia la glasi. Aliliona dirisha liko wazi, akaiona kabari mahali pake, akamtazama mwanawe. Miodrag alikuwa anaangalia kwingine. Mama akaelewa kwamba mwanawe ameelewa. Akageuka na sinia lake, na glasi zikawa zinagongana njia nzima mpaka kwenye karo.

*

Jumapili Miodrag alishinda stoo na koti lake. Alifungua mashine, akapuliza, akabadilisha hiki na kile, na kufika mchana ikawaka. Lakini ilikuwa imekatwa kati, kama mtu aliyehamishiwa nyumba mpya vitanda vikabaki barabarani. Masomo ya Oktoba na Novemba hayakuwamo. Nakala ya mwisho aliyokuwa nayo ilikuwa ya Septemba, kwa sababu diski ya kuwekea nakala ilijaa Septemba. Aliomba nyingine kwa barua. Akajibiwa kwa mdomo, ukumbini, kwamba afute vitu visivyo na maana.

"Mangapi yamepotea?" Nevenka aliuliza.

"Sitini na matatu. Na majaribio yote."

"Na kesho mkaguzi."

"Na kesho mkaguzi."

Vukosava alikuwa ameketi kando ya jiko, anamenya kitunguu ambacho hakuna aliyekihitaji. Mara mbili alifungua mdomo. Mara ya kwanza simu ililia, mara ya pili ikalia tena. Wanafunzi walikuwa wamemaliza kula slava, sasa walikuwa wanatafuta masomo yao.

Alasiri Zagorka, mmoja wa wanafunzi hao, aligonga lango. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, alikuwa amepaka viatu gundi kiwandani kwa miaka ishirini, na sauti yake ilikuwa na mikwaruzo ya gundi hiyo.

"Mwalimu! Ile mashine yako imelewa slava ya watu?"

"Imelewa, Zagorka."

"Basi ipe supu ya kabichi, iamke. Mimi Ijumaa nina mtihani, nikifeli watanizika na brashi mkononi."

"Somo lako la mwisho lilikuwa lipi?"

"La tisini na sita. Ninalo."

"Unalo vipi?"

"Kwenye karatasi. Kiwandani simu tunaiacha getini, mwalimu. Nasoma kwa simu wapi? Yule dada wa ofisi ya chama cha wafanyakazi ananichapia, kila wiki, na mimi nampelekea mayai. Yote ninayo. Yananuka gundi tu."

Miodrag alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha aliyokuwa ameisahau.

"Niletee," alisema.

*

Jumatatu asubuhi Miodrag aliondoka mapema. Vukosava alingoja mpaka Nevenka naye akatoka, akavaa gauni lake la slava na koti zito, akajifunga kitambaa, akatembea hadi shule. Alipumzika mara tatu njiani. Alikuwa amepanga maneno yake tangu usiku, na kila alipopumzika aliyahesabu tena asije akaangusha moja.

Katibu alimweka kwenye benchi la ukumbini chini ya picha za wahitimu. Alikaa dakika arobaini. Watu walipita, wakamsalimu, wakamuuliza kama amekuja kujiandikisha.

"Darasa la tano," alijibu. "Niliishia la nne."

Ratomir alipomwita ndani alimvutia kiti mwenyewe.

"Mama Vukosava, kuna heri? Ungepiga simu tu."

"Haya si ya simu. Mkaguzi amekuja?"

"Amekuja, ameondoka. Saa nne kamili alikuwa kwenye gari."

"Haraka hivyo?"

"Angekaa kuangalia nini?" Ratomir alikuna kidevu. "Nasikitika, mama. Nampenda Miodrag, unajua. Lakini mtu anafunga dirisha la chumba chenye mashine ya serikali, halafu anakwenda kukata nyama..."

"Nani kafunga?"

"Yeye. Ameandika mwenyewe, sikumlazimisha."

Alitoa karatasi kwenye jalada. Vukosava akatafuta miwani, akaivaa, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Alisoma polepole, midomo yake inacheza. Hati ilikuwa ya Miodrag, ile iliyoinama kushoto tangu utotoni. *Nililifunga dirisha mimi mwenyewe kwa kusahau, na hasara yote ni juu yangu.*

"Huu ni uongo," alisema.

"Mama..."

"Nililifunga mimi. Yeye alikuwa uani na panga mkononi. Nililifunga mimi, Ratomir, kwa ajili ya shingo yako."

Mwalimu mkuu alinyanyua mkono, ukaishia nusu ya njia, akaurudisha mezani.

"Ulisema inakupiga shingoni," Vukosava aliendelea. "Ulikuwa mgeni, umeketi mahali pa heshima. Ningefanyaje? Ningekwambia ule ukiwa umevaa shali? Basi chukua karatasi nyingine, andika hivyo. Mimi nitatia sahihi, sahihi ninayo."

Ratomir aliinuka, akaenda kuhakikisha kama katibu yuko mbali, akarudi. Aliketi na kuvuta pumzi ndefu.

"Nikiandika hivyo, mama, swali la kwanza watakaloniuliza ni hili: bibi wa miaka themanini alifikaje kwenye seva ya shule?"

"Sabini na minane."

"Na nitajibu nini? Kwamba ilikaa pamoja na pipa la kabichi? Mimi nimetia sahihi miaka miwili mfululizo kwamba iko chumba namba tisa."

"Chumba namba tisa kinavuja."

"Najua kinavuja."

"Uliibeba wewe na Miodrag. Ulishika upande wa mbele. Nikawapa kahawa."

"Nakumbuka kahawa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Karatasi ya Miodrag imeshaondoka, mama. Hii ni nakala. Ile yenyewe iko kwenye gari, pengine imeshafika mjini Niš. Kuanzia mwaka mpya masomo yatawekwa kwa kampuni ya mji mkuu, Beograd, watalipwa kila mwezi. Haitakuwa kazi ya mtu hapa tena."

"Wao watalipwa kila mwezi, na pesa ya diski hamkuwa nayo."

Ratomir akairudisha nakala ndani ya jalada.

"Na Miodrag?"

"Nitamtafutia kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu, mama. Nitatafuta."

Akamwita katibu amtengenezee bibi kahawa. Vukosava alisema ahsante, moyo wake hauruhusu kahawa asubuhi. Akainuka kwa kushika ukingo wa meza, na Ratomir akazunguka upesi kumshika kiwiko. Akamsindikiza mpaka ngazi, amemshika hivyohivyo, na watu wote ukumbini wakaona jinsi mwalimu mkuu anavyowaheshimu wazee.

*

Alipofika nyumbani, meza ya jikoni ilikuwa imejaa karatasi za Zagorka. Zilikuwa zimejikunja pembe, zina alama za vidole vya kahawia, na kweli zilinuka gundi. Miodrag alikuwa kwenye kompyuta yake ndogo. Waya mrefu ulipita sakafuni mpaka stoo, ambako mashine ilikuwa ikivuma na masomo yake ya Septemba.

Vukosava alivua koti, akaketi.

"Nimetoka shule," alisema.

"Najua. Katibu alinipigia kabla hujafika hata barabarani."

"Kwa nini uliandika vile?"

"Ningeandika nini?" Miodrag aliendelea kupiga vibonye. "Kwamba mashine ya wizara imeuawa na promaja? Wangecheka mpaka Beograd."

"Wacha wacheke."

"Wangekucheka wewe, mama."

Vukosava alifungua kitambaa chake, akakikunja juu ya magoti, akakikunjua. Katika maneno aliyoyapanga tangu usiku, lile la kuomba radhi, dogo kuliko yote, bado hakuwa amelisema.

"Nilisema kidogo tu," alisema. "Nikasahau."

"Basi, mama. Imekwisha."

Nevenka aliingia na kuni, akasimama na mzigo mikononi.

"Wewe bado unaandika?" alimwambia mumewe. "Wameshakuondoa, na unawaandikia bure?"

"Mpaka mwaka mpya bado ni yangu."

"Mpaka mwaka mpya! Ni majuma matano, Miodrag. Mangapi umemaliza tangu saa tano?"

"Manne."

"Manne. Na sitini na matatu. Na mtihani Ijumaa." Aliziachia kuni ndani ya sanduku kwa kishindo. "Waandikie hao wa Beograd. Si ndio watakaolipwa?"

"Hao wa Beograd hawamjui Zagorka."

"Na Zagorka atakulipa nini? Mayai?"

"Pengine."

Nevenka alimtazama, kisha akazitazama karatasi. Alivua glavu zake. "Nipe hizo hesabu, nitachora hayo majedwali mimi," alisema kwa hasira ileile. "Unachora vibaya."

Wakafanya hivyo. Shida ilikuwa macho: mtu hawezi kusoma karatasi iliyofifia na kuandika kwa wakati mmoja, kila mara anapoteza mstari. Miodrag alishusha kichwa, akainua, akashusha, na shingo yake mwenyewe ikaanza kumuuma. Mwishowe alisukuma rundo moja kuelekea ng'ambo ya meza.

"Nisomee, mama."

"Mimi?"

"Nani mwingine yupo?"

"Mimi niliishia la nne."

"Kuna herufi uliyokuwa hujafundishwa?"

Vukosava akavaa miwani. Akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha la jikoni, akaweka kidole. Alisoma kama alivyosoma shuleni kwa mwalimu, neno moja, pumziko, neno jingine, na kila nukta aliitaja. Miodrag alikuwa akimaliza kuandika kabla mama yake hajamaliza kusoma. Alisubiri mikono iko juu ya vibonye, hakumharakisha. Jioni ikaingia, Nevenka akawasha taa. Somo la thelathini na nane likaisha, la thelathini na tisa likaisha.

"Somo la arobaini," Vukosava alisoma. "Kuandika... barua... ya kuomba. Nukta. Mfano. Nukta mbili."

"Endelea."

"Mheshimiwa... Mkurugenzi. Mkato. Mimi... niliyetia sahihi... hapa chini... naomba kwa heshima... unipatie..."

Akaisogeza karatasi karibu zaidi na pua yake, akaigeuza nyuma, akairudisha.

"Unipatie nini?" aliuliza. "Hapa kuna vitone tu."

"Ndivyo palivyo, mama," alisema Miodrag. "Pameachwa wazi. Kila mtu anajaza lake."